Tumukunde Ashindwa Kurudi

Mzee Musitafa alipolirudisha lori lake kutoka kwa mpaka rangi wa Kasese, ubao wa nyuma ulikuwa mtupu kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa. Lori lisilo na maneno mgongoni, pale Mpondwe, ni bwana harusi asiye na kanzu. Basi akawatangazia watoto wake wawili: atakayetwaa ubingwa wa ligi yao ya kompyuta likizo hiyo, jina la timu yake ndilo litakaloandikwa.

Faruk hakuona wa kushindana naye. Ligi ya mpira wa kikapu aliianzisha yeye, mwenyekiti wake ni yeye, na timu yake, Simba wa Mpondwe, ilikuwa na majitu mawili: Zedekia mfungaji, na Tumukunde, mrefu kama mnara wa simu. Hawakuwa watu wa nyama na damu. Walikuwa tarakimu ndani ya kompyuta ya ofisini kwa baba, na mechi kompyuta ilijichezea yenyewe. Hilo halikumzuia Faruk kuwaarifu wenzake wa bwenini kwamba muhula ujao atashushwa getini na lori liitwalo Simba wa Mpondwe.

Kilichomkera ni kikomo cha mishahara. Kila timu iliruhusiwa kiwango kimoja cha fedha za mchezo, na majitu mawili hayakuenea ndani yake. Lakini Faruk alikuwa mtoto wa mpakani. Alishaona mzigo uliozidi ukishushwa kwa shemeji kabla ya ukaguzi, ukapumzika, kisha ukarudi garini bila makelele.

"Asmah, mdogo wangu mpenzi," alimwambia dada yake, meneja wa Pilipili za Kinyamaseke, timu iliyoshika mkia. "Nitunzie Tumukunde. Kabla ya fainali nitakitafutia kikomo njia, utanirudishia, nikupe mwingine."

"Leo mimi ni mpenzi," Asmah alisema. "Jana nilikuwa kunguni. Mulete."

Tumukunde akahamia Pilipili, nao wakaanza kupanda. Hazijapita siku nyingi, Zedekia akadai nyongeza iliyozidi kikomo. Mwenyekiti alijifungia, akatafakari kwa kina, akatoka na sheria mpya: timu inaweza kuvuka kikomo ili kumbakiza mchezaji iliye naye tayari, ila ikishavuka, haitapokea mchezaji mwenye mshahara mkubwa kuliko wa yule inayemtoa. Sehemu ya mwisho aliiongeza ili sheria ionekane ya haki. Akamwapia baba kwamba hata yeye hataigusa tena. Zedekia akalipwa, Simba wakavuka kikomo, na Faruk akalala usingizi wa mfalme.

Siku ya kumrudisha Tumukunde, Faruk alimtoa mchezaji wa akiba, Asmah akabonyeza kukubali. Kioo kikawa chekundu: *Haiwezekani. Simba wa Mpondwe wako juu ya kikomo.*

"Bonyeza tena."

Kikawa chekundu tena.

"Mimi nimekubali, bwana mwenyekiti," Asmah alisema. "Kompyuta yako ndiyo inakataa."

Faruk aliisoma ile sheria kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa shule, akitumaini jina ni la mwingine. Kila neno lilikuwa lake.

"Naibadilisha."

Baba alikuwa mlangoni na chai yake. "Uliapa. Mimi nikifika forodha, nabadilisha ushuru sababu mzigo ni yangu?"

"Lakini baba, Tumukunde ni wangu."

"Yako iko wapi? Iko kwa Asmah."

"Nipe Zedekia," Asmah alisema kwa upole uliotisha. "Mishahara italingana."

Faruk alibaki akikodolea kioo macho, mdomo wazi, nzi wakifikiria kuingia.

Simba na Pilipili wakakutana fainali. Zikiwa zimebaki sekunde chache, Simba wako nyuma kwa pointi moja, Zedekia akaruka kufunga. Maandishi mawili yakatokea: *Tumukunde azuia.* Kisha: *Mwisho.*

"Pilipili," baba alisema taratibu, kama anayeionja.

Muhula ulipofunguliwa, wenzake walikuwa wamejaa getini kulipokea lori la Simba. Faruk, aliyejikunyata kwenye kiti cha mbele, alimshika baba mkono.

"Baba, tafadhali, ingiza kinyumenyume. Mgongo utazame ukuta."

Mzee Musitafa alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Na sanduku yako tutatoa wapi, mutoto yangu? Lori inapakuliwa kwa nyuma."

Akazima injini, akashuka, akawaita wanafunzi wote waje nyuma kusaidia.