Nyumba Isiyo na Osuri

Bwana Mureithi aliingia bila kuinama, kwa kuwa paa la mlangoni lilikuwa limekwisha kuanguka. Alisimama katikati ya nyumba, akatazama juu, akaona wingu. Nyasi zilikuwa zimeota kando ya ukuta. Kitanda kilifunikwa kwa gunia, na juu ya gunia mvua ya jana ilikuwa imetuama.

"Mama, humu analala nani?"

"Mimi."

"Humu?"

"Mvua ikizidi nahamia jikoni," Beldina alijibu. "Lakini nyumba yangu ni hii."

Mureithi, ofisa wa kampuni ya gesi, alikuwa mtu wa Nyeri, mpole wa maneno, viatu vyake vimejaa tope jeusi la ufuoni. Alieleza kwamba bomba lingetoka kwenye gati jipya la Kisumu, lifuate ziwa, kisha likate nchi kavu hadi kiwandani, upande wa Awasi. Ukanda wake ulipita katikati ya shamba hili, na mwenye shamba alikwisha kukubali.

"Mwenye shamba alikuwa marehemu Dishon, mume wangu. Sasa ni mimi."

"Katika hati ni Oketch."

Serikali ilipopima ardhi, Dishon alikuwa amezikwa majuzi tu. Wazee walisema mjane hatembei mpaka mbele ya wapimaji, kwa hiyo Oketch, mdogo wa Dishon, aliutembea kwa niaba ya nyumba hiyo, na jina lililoandikwa likawa lake. Siku ile Beldina alikuwa jikoni, akiwapikia wapimaji samaki.

"Basi mimi sina neno?"

"Unalo moja tu. Kanuni inatukataza kupitisha bomba penye nyumba inayokaliwa, isipokuwa mwenye nyumba akubali. Tungekuta nyumba, tungezunguka kule chini kwenye mafunjo, na shamba lako lingepona." Alitazama juu tena. "Lakini hili, Mama, ni gofu. Nitarudi na mafundi wiki ijayo. Nikikuta nyumba, nitaandika nyumba."

Paa lile halikuanguka kwa uvivu. Mwanamume anapokufa, osuri huondolewa: ule mti uliochongoka, usimamao juu ya kilele cha paa kutangaza kwamba nyumba ina mume. Tangu hapo hakuna anayeruhusiwa kuiezeka nyumba ya mjane mpaka arithiwe na ndugu wa marehemu. Huyo ndiye apandaye, na huyo ndiye asimikaye osuri mpya. Beldina alikuwa amekataa kurithiwa. Kanisa lilimsifu mbele ya akina mama wote, naye akarudi nyumbani kwenye mvua.

Kwanza alikwenda kwa Simeon, mwalimu wa kanisa.

"Mwalimu, ulinifundisha kukataa, nikakataa. Sasa nisaidie kupanda."

Simeon alikuwa akinoa jembe. Aliendelea kulinoa.

"Dada Beldina, wake wa ndugu zangu wananitazama, na nina watoto. Nikikanyaga paa lako, watasema nimekurithi. Mimi, mwalimu wa kanisa!"

"Watasema tu."

"Nitakuombea."

"Niombee ukiwa juu ya ngazi, Mwalimu."

Hakucheka.

Kwa Oketch alikwenda mwisho, kwa sababu hapakuwa na pengine. Alimkuta kivulini mwa ghala lake, amevaa koti ingawa kulikuwa na joto, akila karanga.

"Nyar Alego!" alimwita kwa jina la kwao, binti wa Alego, kama wote walivyomwita. "Leo umeikumbuka njia."

"Shemeji, mwambie yule ofisa kwamba shamba ni langu. Mihogo imo ardhini. Nitakula nini?"

"Mimi ninakunyima chakula? Miaka yote hii nimesimama mlangoni kwako kama mgeni. Fungua mlango. Nitaezeka kesho."

"Na bomba?"

Oketch alitema ganda. "Bomba ni mambo ya wanaume na Serikali."

Beldina alikata nyasi mwenyewe kando ya ziwa, akazibeba kichwani, akazianika. Fito alizitoa kwenye zizi la zamani la Dishon. Kisha, asubuhi moja, watu wakielekea sokoni, aliegemeza ngazi ukutani, akajifunga leso kiunoni, akapanda.

Watu wakasimama njiani. Halafu mwanamke mmoja akapaza sauti: "Nyar Alego! Umeota mkia?"

"Shuka! Utatuletea mikosi kijijini!"

"Mwacheni. Labda Dishon amemwita huko juu!"

Walicheka, lakini kicheko chao kilikuwa kifupi, na waliondoka upesi kuliko walivyokuja. Agneta peke yake, jirani yake wa miaka yote, alibaki uani. Hakuinua uso. Aliokota furushi la nyasi, akalirusha juu, akageukia pembeni kama mtu asiyejua mkono wake umefanya nini. Kisha akarusha jingine. Walifanya kazi hivyo mpaka jua lilipopinda, bila kuzungumza.

Kila siku Beldina alipanda tena. Kamba zilimchana viganja. Siku aliyofunga kilele, alikaa juu kidogo, akaliona ziwa lote, na vigingi vyekundu vya kampuni vikija kwa mstari ulionyooka kutoka upande wa mjini. Alishuka, akasiliba sakafu kwa udongo na samadi, akawasha moto wa kwanza ndani ya nyumba ile tangu afiwe.

Mureithi alirudi na mafundi wake. Naibu chifu alikuwa pamoja naye, na Oketch, na wazee wawili. Ofisa aliizunguka nyumba, akagusa nyasi, akatabasamu.

"Mama, hongera. Hii ni nyumba. Tutapita mafunjoni."

Beldina alifungua mdomo kusema asante.

"Ngoja, Bwana," alisema naibu chifu. "Muulize ni nani aliyeezeka."

"Mimi," akasema Beldina.

Mzee mmoja alitema mate chini. "Bwana mgeni, hiyo si nyumba. Mwanamke hapandi paa. Tazama kileleni, hakuna osuri. Hiyo ni nyumba ya nani? Haina mtu. Ni ya kubomolewa."

Mureithi alipangusa jasho. "Wazee, mimi naona nyumba, na naona moto unawaka. Siwezi kuandika gofu."

Wazee walitazamana. Ndipo Oketch alipocheka, taratibu, kama mtu mwenye subira. Alivua koti, akalikabidhi kwa naibu chifu. Akatwaa panga, akakata mti kwenye ua, akauchonga mbele yao bila haraka. Ngazi ya Beldina ilikuwa ingali ukutani. Akapanda, akauchomeka mti ule katikati ya kilele, akaugongagonga mpaka ukasimama imara.

"Bwana umesema kweli," aliita kutoka juu. "Ni nyumba. Sasa hata wazee watakuambia."

"Ni nyumba," wazee walikubali.

"Na ina mwenyewe." Akashuka, akajipangusa mikono. "Mwenye nyumba ni mimi, na mimi nimekubali bomba lipite."

"Sijamfungulia mlango!" Beldina alipiga kelele. "Bwana Mureithi, mimi ndiye ninayelala humo. Mikono yangu hii, itazame!"

Mureithi aliitazama mikono, kisha akamgeukia naibu chifu. Naibu chifu aliitikia kwa kichwa.

"Mama," ofisa alisema polepole, "kanuni inaniuliza mwenye nyumba. Hainiulizi anayelala ndani. Pole sana."

Agneta alitokea uani na ungo wa unga. Aliuweka penye kizingiti bila kumtazama Beldina, kwa kuwa mwanamume aliyesimamisha osuri lazima apikiwe na alale siku hiyo hiyo katika nyumba hiyo, na mtu asiye na unga huazimwa.

Mafundi walinyoosha kamba kupitia mlangoni. Mmoja aliingia na nyundo, akapigilia kigingi chekundu katika sakafu mpya, hatua chache kutoka mafigani, akatoka. Mureithi aliahidi kwamba mashine isingefika kabla ya mwisho wa mwezi.

Mvua ikaanza, ile mvua nzito inayotoka ziwani. Wazee walikimbilia kwao. Beldina aliingia, akaketi sakafuni kando ya kigingi, akainua uso. Alisikiliza kona zote. Hapakuvuja hata tone.

Mlangoni kulikuwa na mtu anayekung'uta viatu. Oketch aliinama, kwa sababu sasa paa lilikuwepo, akaingia.