Mafua Kwenye Ukingo wa Boti

...na hayo matone matatu ya dawa ya pua aliyojidondoshea asubuhi amejifungia chooni, nani anayajua, hakuna, si wifi yake aliyeketi ubavuni pake kwenye ukingo wa boti, mtungi wa hewa mgongoni, si mwalimu wa kuzamia anayewapitia akivuta mikanda, "hewa iko wazi, sawa, halafu masikio, mama, unabana pua, unapuliza taratibu, kila mita unayoshuka, yakigoma..." yakigoma nini, hakusikia, wifi amedakia, "Mwalimu, ya huyu yanagoma hata nyumbani, ukimwita kuosha vyombo," wakacheka, naye akacheka, kicheko kikamtokea mdomoni tu maana pua imeziba tena, dawa imeisha nguvu, mafua ya mtoto wake haya, wa miezi minane, kabaki nchi kavu na baba yake kifua kinakoroma kama birika, na jana mwalimu alisema wazi, mwenye mafua hazamii, sikio hupasuka, na anayeghairi haulizwi kwa nini, yeye akaitikia kwa kichwa pamoja na wengine, ila mwezi mzima wa mazoezi bwawani halafu aseme ana kamasi, mbele ya wifi?... kamasi, jamani, marehemu mama yake hakuwa na dawa ya matone, alikuwa anamlaza magotini, angali mdogo, anaweka mdomo puani, anafyonza mara moja, anatema dirishani, "Haya, meli imetoka bandarini," kisha anambeba mgongoni na kurudi kwenye cherehani, sare za watoto wa watu zinangoja, naye anabandika sikio katikati ya mabega ya mama, gauni lina harufu ya mafuta ya mashine, na humo ndani, ee, wateja mlangoni sauti zao nyembamba, "Fundi, lini?", ya mama inatoka chini, nzito, ina joto, "Kesho, dada, kesho kweli," uongo mtupu, lakini ukipitia mgongoni ulikuwa mtamu kuliko kweli ya mtu mwingine, cherehani tatatata hadi kwenye meno, sikio hili hili la kushoto, ambalo sasa akibana pua kwa siri na kupuliza halisemi kitu, kama limejazwa pamba... "...tukifika mita tano tunasimama dakika tatu," mwalimu anasema... miaka sita mama ameondoka, picha anazo mbili, sauti hana popote ila humu, na mtoto naye juzi tu ameanza kusema kitu, si neno, ng'wa, ng'wa, amemlalia begani upande huo huo, pumzi yake inatekenya, na wifi atacheka, acha acheke, atahadithia mpaka wakwe wajue, acha wajue... boti inapanda, inashuka, mwalimu bado ameshika mkanda wake, "...tunaangaliana, tunapeana ishara, hakuna kukimbilia juu, hakuna kubana pumzi..." ana maneno huyu, haishiwi, naye anamkazia macho kooni, anangoja avute pumzi moja tu, amkatize, aseme ana mafua.