Karatasi ya Mwezi wa Kwanza

Aminieli aliiweka karatasi juu ya mfuniko wa sufuria ya uji, akaifuata kwa kidole neno kwa neno. Darasa lake la nne lilimfikisha kwenye "kujitolea". Hapo kidole kikagoma.

Madam Evelyn, mwenye chekechea, ndiye aliyempa. "Baba Nice, wewe mpishi wetu, na mwalimu ni mwanao. Asaini kabla afisa kazi hajaja saa nne. Wenzake wote wameshasaini."

Wakubwa ndivyo walivyo: neno la aibu humtuma mwingine alipeleke.

Nice alitoka darasani, mkono kiunoni, tumbo la miezi saba limemtangulia.

"Wameandika unajitolea," Aminieli alinong'ona. "Na tarehe ya mwezi wa kwanza! Leo si tuko wa nane?"

"Nimeona, Baba. Anayejitolea hana likizo ya uzazi. Nikijifungua, ndiyo nimeondoka."

"Basi usisaini!"

"Nisiposaini naondoka leo. Wewe una hasira, mimi nina kliniki."

Maneno yalimchoma. Marehemu mkewe alifundisha katika chumba kilekile miaka tisa, naye akiitwa wa kujitolea. Alipougua, Madam alileta kilo tano za mchele na pole nyingi. Mchele ule Aminieli aliula msibani, na hajajisamehe mpaka leo.

Honi ikalia getini. Madam akaja mbio. "Imesainiwa?"

"Bado, Madam. Mikono ina uji."

"Mzee, usinichezee!"

Lakini afisa kazi, binti mwenye faili kwapani, alikuwa ameshafika mlangoni. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Aminieli akamkabidhi karatasi, asithubutu kumtazama mwanawe. "Hii haijasainiwa. Isome."

Afisa akaisoma yote, taratibu. "Nice Aminieli ndiye nani?"

Uji ukaanza kuungua, hakuna aliyeukoroga. Madam akacheka peke yake. "Ni dada tu, anatusaidiasaidia."

Nice alimtupia baba yake jicho kali, kisha akageuka. "Ni mimi," alisema. "Sisaidiisaidii. Mimi ni mwalimu, kila siku, tangu mwaka juzi."

"Kaa, mwalimu," afisa alisema, akifungua faili. "Tuanze na siku uliyoingia."

Nice akajishusha kwenye kiti cha mtoto. Madam alikuwa ametoka nje, anaongea kwa simu, na Aminieli, mwiko mkononi, akasikia jina lake mwenyewe likitajwa mara mbili.