Kelele Nyuma ya Ukuta

"Hakuna umeme," yule bwana wa koti la kijivu alinong'ona, akimfungua Pranas mikanda aliyokuwa amemfunga muda mfupi tu uliopita mbele ya Bronius. "Hata chembe. Kazi yako ni kupiga kelele."

Upande wa pili wa ukuta alikaa Bronius, kaka wa mke wa Pranas, mbele ya mashine yenye safu ya swichi. Aliamini kwamba kila Pranas akikosea jibu, yeye abonyeze, na umeme utampiga shemeji yake, kila mara mkali zaidi. Tangazo la gazeti lilikuwa limewaita watu waje wawili wawili, marafiki au ndugu, kusaidia utafiti wa kumbukumbu. Uongo mtupu. Wasomi waliolitoa walitaka kujua kama mtu akiamriwa amtese mtu wake, atatii.

"Nipige kelele namna gani?"

"Ukiulizwa, kosea. Taa ile ya ukutani ikiwaka, ujue amebonyeza. Mwanzoni guna. Kisha omba utolewe, sema moyo unauma. Mwishoni nyamaza kabisa."

"Hatufiki huko, bwana. Bronius hawezi hata kumchinja kuku wa sikukuu."

"Tutaona," alisema yule bwana, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Taa ikawaka. Pranas akaguna, nusura acheke. Ikawaka tena, na tena. Alipofika pa kuomba kutolewa, aliomba vizuri, akangoja. Katika kiwanda cha shaba pale Waterbury, Marekani, walifanya kazi mtambo mmoja: Pranas akisukuma bamba katikati ya magurudumu ya chuma, Bronius mkono kwenye breki. Pranas akipiga kelele, mtambo husimama kabla Bronius hajageuka kutazama. Ndiyo maana Pranas bado alikuwa na vidole vyake vyote.

Taa ikawaka.

Hapo alikasirika. Alimsikia Bronius akibishana, kisha sauti ya bwana wa koti, tulivu kama ya mtu anayeagiza chai: "Endelea, tafadhali. Utafiti unahitaji uendelee." Kisha taa. Haya basi, Pranas alijisemea, unanibonyeza mimi, baba wa wapwa wako? Akapiga kelele za kupasua koo. "Moyo! Moyo wangu, Bronius!" Ng'ambo ya ukuta mtu mzima akaanza kulia, na Pranas, Mungu amsamehe, akaona raha. Taa ikawaka tena. Naye akanyamaza kama alivyoagizwa, meno ameyauma.

Safari hii taa haikuwaka. Kiti kilianguka. "Nipishe!" Bronius alinguruma, na mlango ukapigwa bega mara mbili, ukaachia. Akaingia uso umelowa, akamkuta shemeji yake amekaa starehe, mikono magotini.

Bwana wa koti alieleza yote akitabasamu, akawashukuru, akanyoosha mkono. Bronius aliutazama mkono ule mpaka ukarudi mfukoni.

Wakati wa kurudi, Bronius aliendesha gari mpaka nyumba za mji zikaisha. Mvua ilianza kunyesha.

"Ulibonyeza," Pranas akaanza, maana aliona akikaa kimya ataonekana ndiye mwenye makosa. "Nimelia moyo unauma, ukabonyeza. Nikamwambie nini dada yako?"

"Nitamwambia mwenyewe. Nitamwambia kaka yako ni mnyama, ameambiwa endelea akaendelea. Lakini niliacha, Pranas. Wewe uliacha lini?"

"Mimi? Mimi nilikuwa naigiza, bwana!"

"Ukuta wenyewe wa mbao. Neno moja tu: niko salama. Ungelisema kwa Kilithuania chetu, yule mpumbavu asingeelewa kitu. Ulinisikia nikilia?"

Pranas aligeukia dirishani.

"Nakuuliza wewe. Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Na ukaendelea."

"Si waliniambia..." Pranas alijikatiza, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Bronius alicheka kicheko kibaya. "Kesho kiwandani ukipiga kelele nifanyeje, shemeji? Nisimamishe mtambo, au nikuulize kwanza nani kakutuma?"

"Usiniletee upuuzi wako! Ungeniua wewe, kama mashine ile ingekuwa na umeme!"

"Ningekuua, ndiyo. Na wewe ungeniacha niishi nikijua hivyo."

Gari likasimama ghafla kando ya barabara, mashamba matupu huku na huku.

"Shuka," Bronius akasema. Hakupaza sauti.

Pranas akafungua mlango, akashuka, akaufunga taratibu ili usipige kelele. Gari lilikuwa limeshapotea kwenye kona, na maji yameshamwingia viatuni, ndipo alipotambua kwamba ameambiwa shuka akashuka, bila kubisha hata kidogo.