Ngazi ya Lango la Hollin

Asubuhi ya siku aliyokufa, Roy Pargeter alitia grisi kwenye shafti ya propela, akazoa majivu ya jiko, akamlaumu mkewe kwamba mkate umeisha na hakumwambia. Ilikuwa Novemba, na kamba za boti zilikuwa ngumu kwa barafu. Boti yao ilikuwa ya chuma, ndefu na nyembamba, na hawakuwa na nyumba nyingine. Ilibidi ishuke lango la Hollin, chumba cha mawe kinachoshusha boti kutoka maji ya juu ya mfereji hadi ya chini, kabla ya mchana, kwa kuwa ofisi ya mifereji hairuhusu boti isiyo na gati lake kukaa mahali pamoja zaidi ya wiki mbili.

Hazel, mkewe, alishika usukani akaiingiza boti langoni. Roy alibaki juu kufunga milango na kuyaachia maji, ili boti ishuke polepole katikati ya kuta mbili za mawe. Ilikuwa imeshafika chini alipoteleza kwenye ubao wa mlango, akaanguka majini nyuma ya boti. Hazel alizima injini ili propela isimkate. Roy aliogelea hadi mahali pa ngazi ya chuma ya kupandia ukutani, akapapasa. Palikuwa na matundu ya bolti tu. Aliendelea kupapasa palepale, kama mtu anayetafuta swichi ya taa nyumbani kwake, maana ngazi ile aliijua. Mwaka uliotangulia alikipaka kidato cha juu rangi ya buluu iliyobaki alipopaka boti, ili kionekane vizuri. Hazel alimtupia kamba. Vidole vya Roy havikuweza tena kukunjika kwa baridi.

Jioni, Norris, mdogo wake Roy, anayeuza makaa ya mawe akiwa kwenye boti yake mwenyewe, aliitoa boti ya Hazel langoni akaifunga kwenye vigingi hapohapo chini.

Kulipokucha Hazel alijikuta amebanwa kwenye ukuta wa kitanda. Boti ilikuwa imelala upande, birika limeteleza hadi mlangoni. Alipotoka aliona kwamba maji yameondoka chini ya boti. Kwingine mfereji ulikuwa umejaa kama kawaida. Ila kuizunguka boti palikuwa na shimo kavu lenye umbo la boti, na maji yamesimama pande zote kama vioo vya dirisha. Bata mmoja alifika ukingoni, akachungulia chini, akageuza.

Norris alikuja na chai kwenye chupa.

"Shemeji, maji yako yameenda wapi?"

"Nimeamka hayapo."

Norris aligusa ule ukuta wa maji, akafuta kidole kwenye suruali. "Roy alikuwa anasema tumbo la boti linataka lami kabla ya baridi kali."

"Alisema tangu kiangazi."

"Basi nikalete brashi."

Wakavaa buti wakashuka. Walikwangua kutu na konokono, wakapaka lami upande wa kushoto hadi mchana. Boti zilizopita zilipunguza mwendo, kama inavyotakiwa kwa boti iliyofungwa, na watu wakatoa pole. Mwanamke mmoja aliuliza ile lami ni ya aina gani, kwani ya kwake ilibanduka baada ya mwaka.

Walipofika nyuma, karibu na propela, Norris alikanyaga chuma ndani ya tope. Alifukua kwa mikono. Ilikuwa ngazi. Kidato chake cha juu kilikuwa cha buluu.

Hazel alikaa chini kwenye tope.

Waliishika kila mmoja ncha yake ili waitoe. Mara tu ilipoinuka, maji yalianza kuingia kwa upande wa usukani, yakafika kwenye vifundo vya miguu. Wakaiweka chini. Maji yakarudi nyuma yakasimama.

"Hayataki iondoke," alisema Norris.

"Yanataka ionekane," alisema Hazel.

Akampigia simu mchunguzi wa vifo. Ofisi ya mifereji ilikuwa imeshamwambia mchunguzi kwamba ngazi ya Hollin iling'olewa kiangazi kwa matengenezo ikarudishwa. Hazel alimwambia kwamba haikurudishwa, ilitupwa, na yeye yuko nayo hapo chini ya nyumba yake. Mchunguzi alisema atakuja Jumatatu.

Lakini Jumatano alikuja Bwana Stannard, afisa wa ofisi ya mifereji. Alipima kina cha maji mbele ya boti, akapima na nyuma.

"Mfereji una maji ya kutosha, Bi Pargeter. Kushuka lango tu si kuhama, na wiki mbili zenu zimepita. Huna sababu ya kutosogea."

"Na hapa chini je?"

"Hapa chini pana boti yako. Ijumaa ikiwa haijaondoka, inakuja kreni."

"Ningojee mpaka Jumatatu tu, Bwana Stannard. Mchunguzi aje aione ngazi."

Stannard aliinama akaitazama. "Ngazi ya Hollin ipo langoni. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Langoni ni hapo, hatua ishirini. Nenda ukaangalie."

"Mimi ni wa boti. Malango yana watu wake."

"Na hii ya buluu ni ya nani?" Norris aliuliza. "Ya Musa? Alipita hapa akaisahau?"

"Hiyo ni takataka ya mfereji. Mkiitoa mtakuwa mmetusaidia."

"Haya, kaka. Musa akirudi tutamwambia aje na kibali."

Alhamisi walimzika Roy. Hazel alikwenda na viatu vya kuazima, kwa sababu vyake vyote vilikuwa na tope. Usiku ule hakulala sana. Alilala upande, kama boti ilivyolala, akisikiliza samaki wakigonga midomo kwenye ukuta wa maji. Akiitoa ngazi, atabaki na nyumba na hatakuwa na cha kuthibitisha ilitupwa wapi. Akiiacha, Jumatatu mchunguzi atakuta shimo na ngazi, na yeye hatakuwa na nyumba.

Kreni ilifika Ijumaa kabla hajanywa chai. Dereva alikuwa kijana mpole. Alishuka shimoni akaanza kupitisha mikanda chini ya boti, akiangalia asichafue lami mpya.

"Mama, samahani. Nimeambiwa kuna boti nchi kavu, niinyanyue."

"Na ikiwa majini?"

"Ikiwa majini sina kazi nayo."

"Utaipeleka wapi?"

"Uwanjani kwa ofisi ya mifereji. Wakishaiuza sijui inakokwenda."

Mkanda wa kwanza ulikazwa. Boti ilitoa mlio, na ndani kikombe kikavunjika. Hazel alimtazama Norris.

"Shika huko," alisema.

Waliinyanyua ngazi hadi mabegani wakapanda nayo ukingoni. Maji yalifungana bila kelele. Boti ikajinyoosha, ikaelea. Dereva alikunja mikanda yake iliyolowa, akaondoka.

Mchana wote ngazi ilikuwa imelala kwenye majani. Hazel aliizunguka. Halafu alisema mtu mwingine asije akapapasa ule ukuta. Norris alileta bolti na drili, akaning'inia kwa kamba, na kabla ya giza ngazi ikawa mahali pake. Jumamosi Hazel aliondoka na boti, kwa kuwa wiki mbili zilikuwa zimepita.

Jumatatu mchunguzi alikuja Hollin kama alivyoahidi. Aliona ngazi langoni, imekazwa vizuri. Aliandika kwamba ngazi ipo. Norris alimweleza ni nani aliyeifunga na lini. Mchunguzi alimsikiliza mpaka mwisho, akampa pole kwa kufiwa na kaka.

Baada ya siku chache mafundi wa malango waliifungua. Walisema imefungwa na watu wasio na kibali, tena ofisi inajua pale ipo ngazi, na lango moja haliwezi kuwa na ngazi mbili mahali pamoja. Waliitupa majini.

Asubuhi iliyofuata, mbali na Hollin, Hazel aliamka amebanwa kwenye ukuta wa kitanda. Alivaa buti, akashuka kuangalia propela.

Tangu hapo ni hivyo. Popote anapofunga boti, alfajiri ngazi iko chini yake na maji yamekaa pembeni. Siku ya kuhama yeye na Norris wanaipandisha juu ya paa, maji yanarudi, wanakwenda. Bwana Stannard huandika tarehe tu, mradi boti imesogea. Tumbo la boti limeshapakwa lami mara tatu.

Wamewaomba mafundi waichukue waifunge wao wenyewe. Wamejibiwa kwamba Hollin hakuna upungufu wowote.

Sasa ni Aprili na boti za kukodi zimeanza. Zinashuka lango la Hollin tangu asubuhi, moja baada ya nyingine, kando ya ukuta wenye matundu ya bolti tu, na watoto wanakaa juu ya paa, miguu inaning'inia.