Mashahidi ya Kaburi Namba 1346

Hamisa alitembea kwa miguu kutoka Mikindani mpaka geti la bandari ya Mtwara, na kichwani alibeba kifurushi kilichofungwa kwa kanga kuukuu. Meli ya Wagiriki ilikuwa inamalizia kupakia katani. Alikitua kifurushi miguuni pa mwanawe kama mtu anayetua kuni.

"Mzigo wako huo, Thabiti."

"Mama, mimi nakwenda kazini, sihami."

"Fungua kwanza, ndipo useme."

Ndani mlikuwa na mawe mawili ya matumbawe, kila moja refu kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Thabiti hakuhitaji kuambiwa. Yalikuwa mashahidi, mawe ya kusimamisha kaburini, moja kichwani na moja miguuni, ili watu wajue kwamba hapa amelala mtu na asikanyagwe. Lile la kichwani lilikuwa limechorwa herufi za Kiarabu, zile ambazo mama yake alifundishwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani alipokuwa mdogo. Alikuwa amezikwangua kwa msumari: *Ismaili bin Jumanne, wa Mikindani. Apitaye atoe salamu.*

"Umeyachonga lini haya?"

"Tangu siku ilipokuja barua. Jiwe gumu, na mkono wa mwanamke unachoka. Miaka saba si mingi."

Barua hiyo Thabiti aliijua kuliko alivyoijua mistari ya kiganja chake. Ilikuwa ya Kiingereza, kutoka kwa wakala wa meli, nayo ilikuwa na maneno machache: baharia Ismaili alitumbukia ngamani, chini kabisa mwa meli, akafa, akazikwa katika makaburi ya bandari ya Pirea, nchi ya Ugiriki, kaburi namba 1346. Hamisa hakujua Kiingereza, lakini tarakimu alizijua. Aliiandika ile namba kwa mkaa nyuma ya mlango, na kila Ijumaa baada ya Alasiri alikaa mbele yake akasoma Yasini. Mvua ikivuja na kuifuta, aliiandika upya. Hitima ya kufunga msiba alikataa isisomwe. Majirani walimsema, shehe wa mtaa alimsema, naye jibu lake lilikuwa moja: "Siwezi kufunga msiba wa mtu asiye na shahidi."

"Ukifika usimamishe," alimwambia mwanawe sasa. "La maandishi kichwani. Usichanganye. Ukirudi, tutasoma."

Thabiti alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa ulimi. Alikuwa hajawahi kushindwa kwa maneno, si kwa nahodha wala kwa karani. Akajifunga kifurushi begani, akasema, "Yatasimama, mama. Hata kama wamejenga msikiti juu yake, nitabomoa."

Huo ulikuwa mwaka 1971. Mfereji wa Suez ulikuwa umefungwa kwa vita, kwa hiyo meli iliteremka kusini ikaizunguka Afrika yote. Siku arobaini na tatu mawe yalilala chini ya kitanda cha Thabiti, na Abeid, mwenzake wa chumba, mkulima wa Mahurunga aliyeyaacha mashamba ya Ruvuma akafuata bahari, hakuacha kumtania.

"Wenzetu wanabeba zawadi, wewe unabeba kokoto. Meli ikizama, tutajua nani katuzamisha."

"Cheka tu. Baba yako amelala kwenu Mahurunga, ukitaka kumzuru unavuka kijito."

"Kweli hiyo," Abeid alikubali, na siku hiyo hakutania tena.

Walifika Pirea usiku wa kuamkia Jumamosi. Asubuhi wawili hao wakapewa ruhusa: warudi saa kumi jioni, meli inang'oa nanga saa kumi na mbili, na atakayechelewa ataachwa na nguo zake. Getini alisimama askari mwenye masharubu.

"Mwonyeshe barua," Abeid alisema.

"Ya nini? Mimi si bubu. Kiingereza ninacho." Thabiti akajisogeza mbele, kifua mbele, na kwa Kiingereza chake cha darasa la nane akauliza makaburi yako wapi.

Askari akauliza: mapya au ya zamani?

Thabiti akapiga hesabu kichwani. Miaka saba. Mtoto aliyezaliwa siku baba alipokufa sasa angekuwa anasoma. "Ya zamani," akajibu. Kisha, ili asieleweke vibaya, akaongeza: "Ya zamani sana."

Uso wa askari ukakunjuka. Wageni wa namna hiyo, wanaokuja kutazama mawe ya kale, aliwajua. Akawaandikia namba ya basi kwenye kipande cha karatasi, akawaelekeza kwa mkono, akawapigia saluti.

"Umeona?" Thabiti akamwambia Abeid. "Ndiyo faida ya kujua lugha."

Basi liliwashusha Athene mbele ya jumba kubwa lenye nguzo nyeupe. Mlangoni palikuwa na mtu anayekata tiketi.

"Makaburi ya kiingilio!" Abeid akanong'ona. "Haya ndiyo maendeleo. Kwetu maiti hata hodi hawapigiwi."

Ndani mlikuwa na baridi, na mlinyamaza kama msikitini kati ya sala na sala. Thabiti alivua kofia, akaona haitoshi, akawasalimia watu wa makaburini kwa sauti ya chini kama alivyofundishwa. Ukutani pote yalisimama mawe meupe yaliyochongwa watu. Mwanamke amekaa kitini, mumewe amesimama akimpa mkono wa kwaheri. Msichana ameshika njiwa. Kijana mmoja na mbwa wake, na mbwa ameinamisha kichwa kana kwamba yeye ndiye wa kwanza kupata habari. Thabiti aliyatazama akasahau kutembea. Hakuhitaji kuambiwa hawa ni maiti na wale ni wafiwa. Mkono wa namna ile, usiotaka kuachia, alikuwa ameuona kwa mama yake pale geti la Mtwara.

Lakini udongo haukuwapo. Chini palikuwa marumaru tupu, inang'aa. Na waliokuwa wakizunguka na kamera shingoni hawakuwa wafiwa. Mmoja alikuwa anakula peremende. Thabiti akakumbuka Mzungu mmoja aliyekuja Mikindani kupiga picha ukuta wa nyumba ya babu, ukuta uliobaki peke yake baada ya paa na vyumba kwenda. Mgeni yule aliuita gofu zuri. Babu aliuita nyumba yangu iliyoanguka.

"Abeid, nadhani hapa sipo."

"Sipo vipi? Mbona wana namba?" Abeid alikuwa ameinama mbele ya jiwe. "Tazama. Elfu moja mia tatu na arobaini. Hili arobaini na moja. Shika njia, shehe, tunakaribia!"

Thabiti alijua. Alijua kabla hajapiga hatua ya kwanza. Lakini mtu aliyebeba mawe kutoka nchi yake, akaambiwa namba iko pale mbele, miguu yake haimsikilizi. Alifuata. Arobaini na tatu. Arobaini na nne. Arobaini na tano lilikuwa kipande tu, mguu na pindo la nguo.

1346 lilikuwa la mzee aliyekaa kitini. Mbele yake amesimama kijana, wameshikana mikono, wala hawatazamani usoni. Pua ya mzee ilikuwa imevunjika. Alikuwa na ndevu za mawimbi na shuka begani, wala hakufanana na Ismaili, mwenye kipara na meno ya mbele yaliyopishana. Hakufanana naye hata chembe.

"Siye," Abeid alisema polepole.

"Najua siye."

Hata hivyo akachuchumaa. Akafungua kanga ya mama yake juu ya marumaru ya Wagiriki, akasimamisha mawe mawili mbele ya mzee yule, la maandishi upande wa kichwa, lile jingine upande wa miguu. Akainua mikono akasoma Fatiha. Alitaka kuona tu yatakavyosimama. Yalisimama vizuri. Kisha akakumbuka muda, akaanza kuyafunga tena ili akatafute makaburi yenyewe, na hapo ndipo mlinzi alipotokea mlangoni. Aliona kijana mgeni amepiga magoti chini ya jiwe la kale, anafunga haraka haraka kwenye kitambaa jiwe jingine lenye maandishi. Akapuliza filimbi.

Ofisini walimleta mwanamke wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, jina lake Anna. Yeye alijua Kiingereza kizuri. Alilishika jiwe la Hamisa kwa mikono miwili, akapitisha kidole juu ya herufi, taratibu kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa.

"Umelitoa wapi?"

"Nyumbani kwetu. Mikindani. Mtwara."

"Ni la karne gani?"

"La mama yangu! Amelichonga kwa msumari!"

Anna akamtazama mlinzi, mlinzi akatazama dari. Matumbawe ni jiwe lenye vitundu, lililoliwa na maji tangu halijachongwa. Hata likivunjwa jana, linaonekana la enzi na enzi. Anna alieleza kwa upole. Sheria ni sheria. Jiwe lenye maandishi likikutwa ndani ya jumba hili la makumbusho halitoki mpaka mkuu alikague. Mkuu atakuja Jumatatu.

"Meli yangu inaondoka leo."

"Pole sana," alisema, na ilionekana kweli ameona huruma.

Thabiti akatoa ile barua mfukoni, barua ambayo asubuhi aliona haya kuionyesha, akaiweka mezani. Anna akavaa miwani. Akasoma, akatazama tarehe, akasoma tena. Kisha akavua miwani.

"Baba yako hakuzikwa hapa. Makaburi hayo yako kule kule bandarini, mlikotoka." Akaikunja barua. "Lakini ni miaka saba. Kwetu hapa kaburi hukodishwa miaka mitatu. Ikiisha, mifupa hufukuliwa. Jamaa huja kuichukua. Asiye na jamaa, yake huchanganywa na ya wengine. Na kaburi hupewa mtu mwingine."

"Na namba?"

"Namba hupewa mtu mwingine."

Abeid, asiyejua Kiingereza, alimvuta shati. "Anasemaje?"

Thabiti alitaka kumjibu mama huyu. Alitaka kumwambia: hawa wenu wa miaka elfu mbili na zaidi mmewawekea paa, mmewawekea walinzi na filimbi, hata mbwa wao mmempa namba, baba yangu aliyewashushia mizigo mmeshindwa kumwachia dhiraa tatu za udongo? Alifungua kinywa. Kiingereza cha darasa la nane kilikuwa kimekwisha. Alikitafuta kama mtu anayepapasa ndoo na kukuta haina maji. Basi akayasema yote kwa Kiswahili, maneno makali yaliyopangika, na kwa yakini hajawahi kusema vizuri kama alivyosema siku ile. Anna alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza.

"Samahani," alisema. "Sikuelewa."

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa tisa. Abeid alimnong'oneza kwamba akibaki mpaka Jumatatu hatakuwa na meli, hatakuwa na hati, na hata mawe hana uhakika nayo. Thabiti alijua. Kila kitu siku hiyo alikijua, na kujua hakukumsaidia kitu.

Anna aliandika stakabadhi ya Kigiriki, akaipiga mhuri. Akafunga kila jiwe kwa uzi kikaratasi chenye namba ya stakabadhi ile. Alipotaka kuyalaza sandukuni, Thabiti akamshika mkono. Akaonyesha kwa ishara: yasilazwe. Anna akafikiri, kisha akayasimamisha juu ya rafu, yameegemea ukuta. Akauliza kwa kidole lipi lianze. Thabiti akamwonyesha.

Njiani ndani ya basi Abeid aliuliza tena, "Yule mama alisemaje hasa?"

"Alisema tulikosea njia."

Alirudi Mikindani baada ya miezi minne. Hamisa alikuwa ameshatandika mikeka uani, na shehe ameshapewa habari. Thabiti alikuwa ameuandaa ukweli tangu Rasi ya Tumaini Jema, ameupanga na kuupangua, lakini mama yake hakumpa nafasi hata ya kunywa maji.

"Yamesimama?"

Thabiti akaiona mikono ya mama yake. Kucha za vidole viwili hazikuota tena sawasawa tangu kazi ya msumari.

"Yamesimama, mama."

"La maandishi kichwani?"

"Nilionyesha mwenyewe."

"Pana kivuli?"

"Pana paa."

"Paa!" Hamisa akageuka kuwatazama majirani. "Na nani anaangalia?"

"Wapo walinzi. Mtu akigusa, wanapuliza filimbi."

"Amelala na watu gani?"

"Watu wa zamani," alisema. "Watu wazima. Wengine na wake zao."

"Alhamdulillahi. Nami nilikuwa nawalaumu bure Wagiriki, kumbe ni watu wa kuheshimu maiti." Akaikunjua ile stakabadhi aliyopewa na mwanawe, akaigeuza huku na huku, akautazama mhuri. "Hii ndiyo hati yake? Mbona namba si ile?"

"Wamebadilisha, mama."

"Kwa nini?"

Yule ambaye hakuwahi kushindwa kwa maneno akatazama chini. "Ndiyo desturi yao."

Hamisa hakuuliza zaidi. Aliingia ndani, akalowesha kitambaa, akafuta 1346 nyuma ya mlango, akafuta kwa nguvu mpaka ubao ukabaki mweupe. Kisha akachukua mkaa.

"Nisomee," alisema. "Polepole, nisije nikakosea, maana kila Ijumaa namsomea kwa namba."

Kwenye karatasi ile yote, tarakimu ndizo peke yake Thabiti alizoweza kusoma. Uani shehe alikuwa ameshaanza kukohoa, anasubiri.

"Nane," akasema. "Mbili. Sifuri. Saba."

"Rudia."

Akarudia.