Mfuga Vidudu

Mfuga Vidudu: ndilo jina alilobandikwa na mama mkwe wake, kwa kuwa kazi yake maabarani ilikuwa kukuza vimelea vya malaria kwenye damu ya watu. Sasa kazi yenyewe ilikuwa imekalia kuti kavu. Chupa kumi na moja za damu zilishamiri vimelea, ya kumi na mbili ikadoda, mara mbili mfululizo. Mkuu wake alidai anaiharibu damu wakati wa kuiosha kabla ya kuitia vimelea. Ikidoda tena, angerudishwa kuosha vyombo.

Chupa hiyo ilikuwa na damu ya mama mkwe. Mfuga Vidudu alipopungukiwa na mtu mmoja wa kujitolea damu alimbembeleza, na mama akanyoosha mkono huku akijigamba, kama kawaida yake, kwamba malaria haijawahi kumlaza hata siku moja. Watu wa nyumbani walizoea kukonyezana akifika hapo.

Safari ya tatu aliiosha damu ile kwa uangalifu wa anayemwogesha mtoto mchanga, akaitia vimelea, akaweka tone chini ya darubini, akatazama. Kimelea kilijigonga kwenye chembe nyekundu, kikajigeuza hadi ncha yake ikagusa ukuta, kikasukuma. Katika damu nyingine hupenya kabla hujahesabu hadi thelathini. Hapa ukuta ulikaza kama ngozi ya ngoma, kikateleza. Kikaja kingine, nacho kikaambulia patupu. Kati ya arobaini viliingia viwili tu.

Hakuwa ameharibu kitu! Alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Mkuu alipoitwa aliinamia darubini muda mrefu, kisha akamwomba radhi mbele ya wote, akamkabidhi uchunguzi wa damu ile auongoze mwenyewe.

Jioni alimkuta mama mkwe akimenya vitunguu, akamsimulia yote.

“Kwa hiyo miaka yote hiyo nilikuwa nasema kweli.”

“Kweli tupu, mama. Na sisi tulikuwa tunakucheka. Nisamehe.”

Mama akaweka kisu chini, akamwita jirani kwa sauti ya kusikika nyumba tatu.

“Njoo umsikilize mwanangu, anieleze tena mbele yako jinsi malaria inavyonishindwa.”

Mwanangu. Tangu aolewe hakuwahi kuitwa hivyo. Akavuta kigoda, akaanza upya, polepole, asiruke hata kimelea kimoja.